Kompyuta Moja Iliyotakiwa Kuwa Mbili

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata kazi ya kwaya. Nimepata na tatizo pia, lakini kazi kwanza.

Picha nilishapiga wiki iliyopita kule Bangwe, ufukweni, kwaya nzima ya kigango katika sare za bluu, upepo ukivuta vilemba. Kilichobaki ni kuhariri. Leo asubuhi Mzee Ntakarutimana, mwenyekiti wa kwaya, amekuja hadi kibarazani kwangu hapa Buzebazeba. Nikamwamkia shikamoo, nikamtolea kiti. Akasema uzinduzi wa video ni Jumapili hii, hausogei, kwa sababu Bibi Révérienne anahamia kwa binti yake Mpanda Jumatatu, na haiwezekani aliyeimbisha kwaya hii tangu mimi sijazaliwa aondoke bila kujiona ukutani. Nikasema ni kweli kabisa. Akasema tena kwamba Gasper wa Bangwe, mtu wa video kama mimi, anatangaza ana kompyuta tatu. Mimi akasikia ninayo moja tu, tena inachapa barua za watu.

Nikasema ninazo mbili.

Yaani mdomo ndio uliosema. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nafikiria.

Mzee akafurahi. Akasema vizuri sana, Mama Bukuru, basi Alhamisi kamati itapita kuona mitambo. Wakiridhika, kazi ni yangu, na zote zitakazofuata. Wasiporidhika, Gasper.

Niandike hali halisi ili niione vizuri. Kompyuta ni moja, ile ya mezani, chumba cha mbele. Feliksi mdogo wangu, aliyesomea mambo haya Dodoma, aliiwekea Linux, kwa sababu flashi za wateja zinaleta virusi kama watoto wanavyoleta mafua. Lakini programu yangu ya kuhariri inataka Windows. Basi akaniwekea Windows ndani ya Linux. Kompyuta ndani ya kompyuta, kama mimba. Shida ni kwamba ile ya ndani haina kadi yake ya grafiksi, hivyo video inakwama. Bibi Révérienne anafungua mdomo, naenda kukoroga uji, narudi, mdomo bado uko wazi.

Ila kadi ya grafiksi ipo mle ndani ya sanduku. Na nyuma ya sanduku kuna tundu la pili la skrini, la bodi yenyewe, halitumiki. Nikimpa yule wa ndani kadi yote iwe yake, nitakuwa na skrini mbili zinazofanya kazi mbili. Yaani kompyuta mbili. Nitakuwa sikusema uongo. Nitakuwa nimetangulia kusema tu.

Mume wangu Adolf amerudi kutoka Katonga kwenye injini zake za boti. Nikamweleza. Akauliza kwa nini nisibebe diski yenye picha niende kwa yeyote mwenye kompyuta ya kawaida, nimalize kwa siku moja. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Jumanne, 10 Juni

Kadi nimeigawa. Nilifuata video ya kijana mmoja anayeongea haraka kama anafukuzwa. Alisema dakika kumi. Mapacha wangu, Bukuru na Butoyi, walikuwa wamelala, nikaona hapa hapa.

Kwanza ilinibidi nitafute skrini ya pili. Nimeazima televisheni ya jirani yangu Shadia. Kakubali kwa sharti moja: televisheni yake inakokwenda na yeye anakwenda, kwa sababu saa tisa ana tamthilia yake, na mwenye wivu anakaribia kujua mtoto ni wa nani. Basi Shadia amekaa kwenye mkeka wangu tangu mchana, miguu ameinyoosha, anauliza kwa nini televisheni haionyeshi kitu.

Nilibonyeza, nikaizima, nikaiwasha. Skrini yangu ikawa nyeusi tii. Nikasubiri. Nyeusi. Mwalimu mmoja akaja na maswali yake ya mtihani yachapwe, nikamwambia mtambo uko kwenye matengenezo makubwa. Akachungulia, akasema mbona anaona giza tu. Nikamwambia hayo ndiyo matengenezo.

Alipoondoka nikalia kidogo. Si sana. Kwa upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili Butoyi alikuwa ananyonya.

Shadia akasema shoga yangu, umeiua. Akasema kwa upole kabisa, kama anatoa pole ya msiba. Akauliza kama marehemu alikuwa na kifuniko, wanaweza kukitumia kama sinia.

Kumbe haikufa. Bukuru alitambaa nyuma ya meza akavuta waya wa skrini ukachomoka. Nikamtoa, nikamkaripia, nikambusu, nikauchomeka haraka haraka bila kuangalia vizuri. Nikauchomeka kwenye tundu la bodi, lile lisilotumika. Picha ikaja! Kadi nilikuwa nimeshamgawia mwingine, halafu nakaa kwenye tundu lake nasubiri anionyeshe picha.

Watu nitawaambia niligundua mwenyewe. Bukuru hajui kusema.

Televisheni bado nyeusi lakini. Wa ndani anakataa kuamka. Shadia kaondoka na hasira, televisheni kaiacha hadi kesho, tamthilia imepita, mtoto hajulikani ni wa nani.

Jumatano, 11 Juni

Kuna ujumbe unakuja kila nikimwasha yule wa ndani. Kiingereza changu cha kidato cha nne kinasema hivi: kikundi hakijakamilika. Kikundi gani? Mimi sijaomba mkopo wa vikundi.

Nimejaribu mara nyingi. Nimeandika vizuri, nimeandika kwa herufi kubwa, nimezima, nimewasha, nimefuta vumbi. Kuna muda nilisimama nikaanza kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye meza, mlangoni hadi kwenye meza, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Alhamisi ni kesho.

Katika hali hiyo mama mkwe akaingia kutoka Kasulu, bila simu, na maharage na mkungu wa ndizi. Nilikuwa nimemwogesha Bukuru, nimemvalisha, nimemkalisha. Butoyi bado mchafu, ana unga kichwani, maana nilikimbia kwenda kusoma ujumbe. Mama mkwe hata salamu hakumaliza. Akaniuliza ni nani alinifundisha kumchukua pacha mmoja na kumwacha mwenzake. Akasema hawa walikuja wawili, wanaogeshwa wawili, wanapewa wawili. Akija mgeni na kitu kimoja arudi nacho. Ukimtanguliza mmoja, yule aliyebaki anaziba mlango, na yule uliyemchukua hatulii. Na mimi mama yao nisijifanye sijui, Kiha anachosema nakisikia.

Nikasimama na sabuni mkononi.

Kadi ile ina nusu mbili. Ipo ya picha na ipo ya sauti, zimezaliwa kwenye kipande kimoja, na hicho ndicho kikundi. Mimi nilichukua ya picha nikaipeleka ndani. Ya sauti nikaiacha nje na Linux. Yule mtu wa video alitaja lakini alitaja huku anacheka, nikadhani ni mzaha.

Nikamwogesha Butoyi kwanza. Hilo niliandike, watu wasiseme. Halafu nikampeleka wa sauti akamfuate mwenzake. Nikawasha. Televisheni ya Shadia ikawaka rangi zote, Windows ikafunguka pana kama ziwa, na Bibi Révérienne akafungua mdomo na kuufunga kwa wakati wake. Nilisikia sauti yake chumba kizima. Mama mkwe akaweka ndizi chini, akasikiliza, akasema huyo anaimba kama watu wa zamani.

Sikumwambia kwamba ametengeneza kompyuta. Angekaa hadi Agosti.

Kimebaki kitu kidogo. Kibodi na kipanya ni kimoja kimoja, na vinamtii wa nje tu. Nikatafuta namna ya kuvipeleka kwa wa ndani. Nilichoka kuchagua kimoja kimoja, nikampa mlango wote wa USB, na vyote vilivyochomekwa. Sasa wa ndani ana kibodi, kipanya, printa na diski ya picha. Wa nje ana skrini tu. Anaona kila kitu, hana mikono.

Si neno. Kamati inakuja kuangalia, haiji kufanya kazi. Nimepanga mashine ikiwaka ifungue kwanza barua ya mtu ya kuomba likizo, ikae pale kwenye skrini. Barua nzuri, ina aya tatu.

Nimehariri mchana kutwa. Imebaki kidogo.

Alhamisi, 12 Juni

Sitaki kuandika leo. Naandika.

Mpango ulikuwa huu. Mimi nakaa mbele ya televisheni na kipanya, nahariri. Shadia anakaa mbele ya skrini ya barua na kibodi, ni karani wangu. Kwa kuwa kibodi ile inamtii wa ndani, na kila herufi kwenye programu ya kuhariri ni amri, hii inakata, hii inafuta, hii inaruka, nilimwambia Shadia aguse bila kubonyeza. Vidole vielee tu. Akasema hiyo ndiyo kazi anayoifahamu kuliko zote. Akaja amevaa miwani ya shemeji yake.

Kamati wakaingia. Mzee Ntakarutimana mbele, wajumbe wawili nyuma, na Bibi Révérienne mwenyewe, ambaye si wa kamati lakini nani atamzuia. Wakaona skrini mbili, huku barua, huku kwaya. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. Mjumbe mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba Gasper ajipange. Nikasikia. Nilijisikia mrefu.

Bibi Révérienne akasogea karibu kabisa na televisheni. Akasema, mwana wanje, mwanangu, nitafikiwa lini? Nikamwambia ubeti wako ndio huu unaofuata, Bibi, subiri.

Ndipo Mzee akamgeukia Shadia akasema, wewe binti mwenye miwani, hebu niandikie jina langu hapo, nami nilione limetoka kwenye mtambo.

Nikamkonyeza Shadia. Nilimkonyeza kwa macho yote mawili. Angeweza kusema wino umeisha. Angeweza kusema anakwenda kuswali. Lakini mtu akishavaa miwani anaanza kujiamini. Akaandika. Akabonyeza kwa nguvu, na kwa kutamka, N, T, A, K.

Kwenye barua ya likizo hakuna kilichotokea. Kwenye televisheni kwaya ilikatika katikati. Sauti ya pili ikatoweka. Wanaume wakaruka wakawa mwanzo. Mzee akasema mbona halitoki, endelea, jina langu ni refu. Shadia akaendelea. A, R, U, T. Bibi Révérienne alitokea, akafungua mdomo, akafutika. Wote tuliona. Alikuwepo na sare yake na mkono umeinuliwa, halafu pakawa na maji ya ziwa tu.

Yeye mwenyewe aliangalia pale alipokuwa. Akauliza polepole, nimekwenda wapi?

Nikachomoa waya wa umeme ukutani. Sijui kwa nini. Mkono ndio uliochomoa. Vyote viwili vikazimika kwa pamoja, na mjumbe mmoja, yule mfupi, akasema ajabu, kompyuta mbili zinakula waya mmoja.

Mzee hakukasirika, angekasirika ingekuwa nafuu. Akasema atanipa hadi Jumamosi jioni. Bila video mkononi, anampa Gasper zile picha afanye atakachoweza. Akanishukuru kwa chai. Chai nilikuwa sijaweka.

Shadia anasema jina la Mzee ndilo lenye matatizo, lina herufi nyingi mno.

Ijumaa, 13 Juni

Wa ndani haamki. Kuchomoa waya kumemvuruga. Anakuja bluu, anazunguka, analala.

Nikakumbuka kwamba Feliksi alishaniwekea nakala ya akiba inayojihifadhi yenyewe kila wiki, hali ya kompyuta ya ndani ilivyokuwa siku ya nyuma. Unabonyeza, inarudi ilivyokuwa. Nikabonyeza. Ikarudi. Safi kabisa. Ilirudi jinsi ilivyokuwa Jumatatu, kabla sijagawa kadi wala kuhariri hata sekunde moja. Programu tupu. Kazi yote ya Jumatano imekwenda na maji. Picha asili zipo kwenye diski, hizo hazijaguswa, lakini ni kuanza upya.

Na sasa wa ndani amesahau na kadi yake, kwa hiyo amerudi kukwama. Nikampigia Feliksi. Nikamwambia yote, isipokuwa yale yanayoniaibisha, kwa hiyo yalikuwa mafupi. Feliksi akasema dada, chukua diski, nenda kwa mtu mwenye Windows ya kawaida, ni kazi ya mchana mmoja. Nikamuuliza kama ameongea na Adolf. Akasema hajaongea naye. Sijaamini.

Mwenye Windows ya kawaida na programu hiyo katika Kigoma nzima ninayemjua ni mmoja. Siendi Bangwe. Nilimwambia Mzee kwamba nina kompyuta mbili, siwezi kwenda kuomba nafasi kwenye moja ya mtu.

Nimejaribu kugawa kadi tena siku nzima. Nakosea kuandika. Watoto wana homa ya meno, wote wawili kwa pamoja bila shaka. Nimewabeba mmoja mgongoni, mmoja kifuani, nikiandika kwa kidole kimoja. Nikamfokea Butoyi kwa sababu aligusa kibodi. Akanitazama tu. Nikazima kila kitu, nikakaa nao sakafuni hadi wakalala, nikamwomba msamaha akiwa hasikii.

Jumamosi, 14 Juni

Bibi Révérienne alikuja saa moja asubuhi. Mizigo yake imeshafungwa, alisema, sasa anazunguka kuaga. Amewaletea mapacha vibakuli viwili vya mbao, sawasawa kabisa, alivichonga marehemu mumewe. Akawashika kichwa mmoja mmoja, akaanza na Bukuru.

Nikaanza kumweleza kuhusu kadi, na kikundi, na nakala ya akiba. Alisikiliza yote. Halafu akasema yeye hajui hayo, na wala haombi kitu kikubwa. Maisha yake yote ameimba akiwa amesimama mbele, watu wanamwona, yeye anaona watu. Anataka tu kujua mdomo wake unakuwaje akiimba. Kama haiwezekani, basi, Mungu ni mwema, na Mpanda pia wana kwaya.

Alivyosema "basi" ndipo nilipoinuka.

Nikachukua diski. Nikamwachia Adolf watoto, wote wawili. Njia nzima hadi Bangwe nilipanga maneno. Nitasema mitambo yangu iko kwenye ukaguzi. Nitasema nimekuja kumpa Gasper nafasi ya kujifunza.

Gasper alifungua mlango kidogo tu, kichwa kikatoka, mwili ukabaki. Akasema studio ina kazi nyingi, dada, njoo wiki ijayo. Nikasukuma. Mimi hubeba watoto wawili na ndoo, mlango wa Gasper si kitu.

Kompyuta tatu zipo. Nimeziona. Moja inafanya kazi. Ya pili ni kasha tupu, ndani yake kuna vitunguu. Ya tatu ni kasha pia, ila taa ya mbele inawaka kijani, kwa sababu ameifungia betri za tochi.

Tukatazamana. Gasper akasema, dada yangu, ya humu yaishie humu. Nikasema sijaona kitu. Halafu, kwa kuwa siwezi kujizuia, nikauliza kama vitunguu vile ni vya kuuza.

Tukafanya kazi. Lazima niseme ukweli, ana mkono mwepesi wa kukata. Anaimba tu vibaya, na anaimba wakati wote. Tuligombana kwenye ubeti wa Bibi. Yeye alitaka kuweka machweo juu yake, na njiwa akipita. Nikamwambia njiwa akipita mimi napita naye. Bibi abaki peke yake, uso mzima, mwanzo hadi mwisho, pasikatwe. Akanung'unika, akaacha. Tulipomaliza ilikuwa kazi ya mchana mmoja kweli, lakini hilo sitamwambia Adolf wala Feliksi.

Nimemkabidhi Mzee flashi mkononi jua halijazama. Akauliza ni mtambo upi uliofanya kazi hii. Nikasema wa pili.

Jumapili, 15 Juni

Ukumbi wa kigango ulijaa hadi madirishani. Shuka jeupe ukutani, televisheni ya Shadia haikutosha, na Shadia mwenyewe alikaa mstari wa mbele kama mmoja wa watengenezaji.

Jina la Gasper lilitokea kwanza. Kubwa, la dhahabu, linazunguka. Langu likaja baadaye, dogo, jeupe juu ya mchanga mweupe. Aliyabadilisha nilipokwenda kunywa maji. Nikamwangalia, akaangalia dari.

Halafu ubeti wa Bibi Révérienne. Nilikuwa nimekaa pembeni yake na Butoyi, Bukuru yuko mapajani kwake. Uso wake ukajaa ukutani. Hakusogea hata kidogo. Watu waliokuwa wanaimba pamoja na video walinyamaza mmoja mmoja. Alipomaliza kuimba kule ukutani, huku kwenye kiti akasema kwa mshangao, kumbe nafumba macho. Akacheka sana. Miaka yote hiyo alidhani anawaangalia watu. Akanishika mkono akanishukuru, urakoze, urakoze, na hakuuachia mpaka mwisho.

Nilijiambia moyoni, Veneranda, hii ndiyo kazi. Acha uongo, acha mashindano, una watoto wawili na mikono miwili. Nililimaanisha kabisa neno hilo. Lilikaa ndani yangu hadi mlangoni.

Mlangoni alisimama Mzee Mwinshehe wa Ujiji, anayemwozesha binti yake mwezi ujao. Ameipenda video. Akauliza nani kati yetu ana mitambo ya kutosha harusi ya siku mbili. Kabla sijafungua mdomo Gasper akasema kwake kompyuta ziko tatu.

Tatu. Mbele yangu mimi niliyeona vitunguu.

Nikasema na kwangu ziko tatu.

Jumatatu, 16 Juni

Tumemsindikiza Bibi Révérienne asubuhi. Amebeba flashi yake ndani ya kitambaa, kifuani. Nimelia pande zote mbili leo, watoto walikuwa na Adolf.

Mzee Mwinshehe anakuja kuona mitambo Alhamisi. Nimeshafungua sanduku, nimeshamwomba Shadia, na nimeshapata kijana mwingine wa video, huyu anaongea polepole, ni mtu wa kuaminika. Anasema inawezekana, na wala si kazi.

Adolf alisimama mlangoni na pacha kila upande. Akauliza kompyuta ni ile ile moja? Nikasema ndiyo. Akauliza ya pili iko ndani ya hiyo hiyo? Nikasema ndiyo, hilo si lilishaeleweka. Basi, akasema, Mama Bukuru, na hiyo ya tatu utaiweka wapi?

Watu wa injini wanapenda kuuliza vitu vilivyo wazi. Ndani ya ile ya pili.